Seti ya vifaa vya mwamuzi wa besi ya nyumbani katika besiboli: uzoefu wangu, hasa kwenye maamuzi ya kuingilia mchezo

Mwamuzi wa besi ya nyumbani husimama nyuma ya mpigaji na mdakaji, anayechuchumaa kudaka mirusho. Seti niliyoitumia ni ya bei ya kati: barakoa ya alumini, kinga ya kifua ya gamba gumu, kinga za ugoko, viatu vyenye bamba la chuma, kihesabio cha mkononi cha kuhesabia mirusho, brashi na mifuko miwili ya mipira. Wauzaji hukazia namna vifaa vinavyohimili kishindo, na wana haki. Mpira wa besiboli una gramu 142 hadi 149, na ukiparuza gongo unakufikia usoni kabla hujapepesa. Ila mimi naweka mbele kipimo kingine: mchezaji akimwingilia mpinzani, yaani akimzuia kinyume cha kanuni, vifaa vyako vimekuruhusu uone? Seti nyingi zinafaulu kwenye kishindo na kufeli hapo.

Barakoa hii inakaribia gramu 600 pamoja na pedi. Nyingi za chuma cha kawaida huvuka 700, na shingo inaijua tofauti hiyo kuanzia katikati ya mechi. Shingo ikichoka, kichwa kinaanza kufuata mpira badala ya kutulia, nawe unapoteza eneo la chini la macho, pale glavu ya mdakaji inapokaribiana na gongo la mpigaji. Nondo zake ni nyembamba na uwazi ni mpana, kwa hiyo naona glavu yote bila kuinamisha kichwa. Hilo peke yake linanitosha kuisifia.

Mikanda usiikaze kupita kiasi. Barakoa itulie, lakini mpira ukiigonga pembeni izunguke kidogo ili nguvu isiishie yote kichwani. Iliyokazwa sana pia inang'ang'ania kapelo. Ivue kwa mkono wa kushoto, huo huo ulioshika kihesabio: shika chini, vuta mbele kwanza, kisha juu. Ukiivuta juu moja kwa moja, kapelo inakuja nayo na kukuziba macho. Kapelo ya mwamuzi wa nyumbani ina ukingo mfupi kwa sababu hiyo. Ile ya waamuzi wa besi nyingine ina ukingo mrefu, haifai hapa.

Kasi ya kuivua barakoa inaonekana kwenye banti, pale mpigaji anapougusa mpira taratibu kwa makusudi ili usiende mbali. Mpigaji amegusa mpira, umelala mita mbili mbele ya besi ya nyumbani, mdakaji anauokota na kurusha kwenda besi ya kwanza. Mpigaji sasa ni mkimbiaji, na katika nusu ya pili ya safari yake kwenda besi ya kwanza, yaani mita 13.7 za mwisho kati ya 27.4, anatakiwa awe ndani ya njia yake, ukanda uliochorwa upande wa nje wa mstari wa faulo, ule wa pembeni ya uwanja. Akiwa nje ya njia na akamzuia mlinzi anayepokea mpira, ni auti (anatolewa), mchezo unasimama, wakimbiaji wengine wanarudi besi walizokuwa. Lakini lazima mpira uwe umerushwa. Kukimbia nje ya njia peke yake si kosa, na hapa ndipo waamuzi wapya hukosea sana. Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani (MLB) ilipanua njia hiyo mwaka 2024, ikajumuisha udongo wa upande wa ndani ya mstari hadi nyasi zinapoanzia. Uliza mashindano yako yanafuata kanuni ipi. Uamuzi ni wa mwamuzi wa nyumbani, kwani ndiye anayeona mstari kwa urefu wake. Ndivyo mwamuzi Sam Holbrook alivyomwita mkimbiaji Trea Turner auti katika mechi ya sita ya World Series, fainali ya ligi hiyo, ya 2019, uamuzi uliobishaniwa sana. Ili uwe na haki ya kuamua hivyo, barakoa iwe imeshatoka, nawe uwe umesogea nyuma ya mkimbiaji, karibu na mstari wa faulo.

Kinga ya kifua imenipa mashaka kidogo. Gamba lenyewe ni zuri, na linaingia chini ya shati bila kukufanya uonekane umevaa godoro. Tatizo ni mikanda ya kiwandani: raba yake inalegea, kinga inateremka, na mifupa ya mtulinga inabaki wazi. Chuchumaa mbele ya kioo ukiwa umeivaa. Ukingo wa juu uguse shina la shingo, na mabega yasionyeshe pengo unaponyoosha mkono wa kulia kuita straiki, yaani mrusho unaohesabiwa dhidi ya mpigaji. Ukiona pengo, nunua mikanda mipana inayobadilishika kabla ya kufikiria kinga mpya.

Kuna sababu nyingine ya kutaka kinga unayoiamini. Mwamuzi mwenye hofu hujificha, na anayejificha humsogelea mdakaji. Simama nyuma ya mdakaji, kwenye uwazi ulio kati yake na mpigaji, kidevu kikiwa usawa wa juu ya kichwa cha mdakaji, umbali unaomwachia mkono wake wa kurusha. Mkono huo ukigonga barakoa yako wakati anarusha ili kumtoa mwizi wa besi, yaani mkimbiaji anayekimbilia besi inayofuata kabla mpira haujapigwa, aliyeingilia ni wewe: wakimbiaji wanarudi, isipokuwa mrusho huo wenyewe umemtoa mkimbiaji.

Mpigaji akitoka kwenye kisanduku chake, eneo lililochorwa analosimama, na kumzuia mdakaji katika mrusho kama huo, usikimbilie kusimamisha mchezo. Nyoosha kidole, sema kwa sauti kwamba ni kuingilia, kisha subiri. Mrusho ukimtoa mkimbiaji, kosa linafutika. Usipomtoa, mpigaji ni auti na wakimbiaji wanarudi.

Mdakaji naye akigusa gongo kwa glavu, mara nyingi utasikia kabla ya kuona: mlio mfupi wa ngozi, kisha mpira unatoka vibaya. Acha mchezo uendelee. Mpigaji na wakimbiaji wote wakisogea angalau besi moja, hakuna cha kurekebisha. La sivyo mpigaji anapewa besi ya kwanza, ila kocha wake ana haki ya kuchagua matokeo ya tukio hilo kama yalivyo. Mfano: mkimbiaji yuko besi ya tatu, auti ni moja, mpira wa juu unadakwa (mpigaji ni auti), na mkimbiaji anafunga. Kocha anaweza kuipenda hiyo alama kuliko kumpeleka mpigaji besi ya kwanza na kumrudisha mkimbiaji. Mwache kocha aje kwako kuchagua, usimchagulie.

Kinga za ugoko hazina mengi. Pima kutoka katikati ya goti hadi mkunjo wa kifundo, na vifungo vikae upande wa nje wa mguu, vikiwa ndani vinanasana ukikimbia. Viatu ni vizito lakini bamba linafunika hadi mgongo wa unyayo, ndipo mipira ya faulo hutua.

Wanaoazima vifaa vya mdakaji ili kuokoa pesa, angalieni mabega. Kinga ya mdakaji imetengenezwa ili mpira uanguke mbele yake, na huacha wazi sehemu za bega na mkono wa juu ambazo ya mwamuzi inazifunika.

Kwa joto la pwani, pedi za ngozi hunyonya jasho na kuwa ngumu zikikaushwa juani. Zifute kwa kitambaa chenye sabuni laini, zitundike kivulini penye upepo. Kabla ya mechi, kagua pengo kati ya barakoa na kinga ya koo inayoning'inia: mpira uliorushwa na mrushaji ukinasa humo, mchezo unasimama na kila mkimbiaji anasogea besi moja.