Kalavati lilivyopatikana: uzoefu wangu na ofisi ya serikali ya mtaa

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaijua ofisi ya serikali ya mtaa kwa mhuri. Unataka barua ya utambulisho ya benki au ya kitambulisho cha taifa (NIDA), unataka kumdhamini ndugu polisi, unakwenda, unagongewa, unaondoka. Huduma hiyo nitaigusa baadaye. Ninayotaka kuieleza hapa ni ile isiyobandikwa mlangoni: usimamizi wa barabara za ndani, mitaro na ujenzi. Nimeifuatilia tangu masika ya 2024, na yaliyonipata yanaweza kumfaa mtu wa mtaa mwingine.

Jina la mtaa wetu naliacha. Tuko ndani ya Barabara ya Morogoro, kwenye miteremko, nyumba zimebanana na njia ya kuingia ni moja. Nina genge la mboga na viazi, kwa hiyo njia ikifungwa mimi ni wa kwanza kuumia.

Mvua zilizoanza na El Niño mwishoni mwa 2023 ziliungana na masika, na kalavati la njia yetu, lile daraja dogo la kupitishia maji chini ya barabara, likakatika. Nusu yake ilikwenda na maji, nondo zikabaki zimechomoza juu ya shimo. Vijana wakaweka mbao mbili na viroba vya mchanga, wakawa wanatoza mia mbili kwa kila anayevuka. Sikuwalaumu, maana kabla ya hapo tulikuwa tunashuka mtaroni na watoto mgongoni. Bajaji iliyokuwa inaingia kwa jero ikawa inaishia ng'ambo. Ukitaka izunguke kwa juu, elfu moja na nusu. Mzigo wangu kutoka sokoni Mabibo ukawa unashushwa ng'ambo na kubebwa kichwani, na kila gunia lina mbebaji wake wa kulipwa. Gari la kunyonya vyoo likaacha kuja kabisa. Wenye shimo lililojaa wanajua maana yake.

Ofisini afisa mtendaji wa mtaa alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Mama, barabara si zetu. Nenda TARURA." Hakudanganya. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilianzishwa 2017, na barabara zilizokuwa chini ya halmashauri zikahamia huko. Barabara kuu ni za wakala mwingine, TANROADS. Maji ni DAWASA, na bei yake inadhibitiwa na EWURA. Nauli za daladala zinapangwa na LATRA. Ukiisikia orodha hiyo unaweza kudhani mtaa hauna lolote zaidi ya mhuri, na viongozi wengine wa mitaa wanapenda udhani hivyo.

Mhandisi wa TARURA alipokuja alipima kwa futi, akapiga picha, akaandika vipimo kwenye daftari lake. Halafu akauliza, "Muhtasari wa mkutano wa mtaa mnao?" Hatukuwa nao. Akatueleza jambo ambalo tangu siku hiyo namweleza kila mtu. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Bunge la bajeti linakaa kuanzia Aprili. Kabla ya hapo, maombi ya mitaa yanakuwa yameshapita Kamati ya Maendeleo ya Kata na halmashauri. Sasa mvua ya Dar inabomoa lini? Machi, Aprili, Mei. Tunapiga kelele wakati mipango ya mwaka unaokuja imeshafungwa, na likiwaka jua tunanyamaza, wakati ndio kwanza inaandaliwa. Fedha za dharura zipo, lakini mvua ikishakuwa kubwa zinatangulia kwenye madaraja na barabara zenye watu wengi zaidi. Mwenye kutaka kalavati anatakiwa kulidai kipindi cha vuli, vumbi likiwa bado linatimka.

Nikarudi kwa mtendaji kuomba kuona daftari la mihutasari. Alinifungulia bila shida, na hilo namshukuru. Kikao cha mwisho kilikuwa na ajenda za ulinzi shirikishi, usafi, chanjo. Kero ya barabara ilikuwepo, chini kabisa, kwenye "Mengineyo". Mistari miwili: wananchi walilalamika kuhusu barabara, mwenyekiti aliahidi kulifanyia kazi. Basi. Haikuandikwa barabara ipi, imeharibika wapi, inaombwa nini, nani apeleke wapi na lini. Kwa maandishi hayo hata mtu mwenye nia njema kule kata hana cha kushika. Mwenye kuwahi mikutano hiyo anajua "Mengineyo" inafikiwa saa ngapi: kina mama wameshaondoka kupika, viti vinakusanywa, mwenyekiti anatazama saa.

Kuomba mkutano mwingine ndiko kulikonichosha. Uongozi wa wakati ule kila ulipoulizwa ulisema uchaguzi uko karibu, tusubiri. Tulisubiri jua lote. Nilipoona kimya niliandika pia kwenye e-Mrejesho, mfumo wa serikali wa kupokea malalamiko, maoni na pongezi. Hata mwenye kitochi anaupata kwa kubonyeza *152*00#. Nausifu kwa jambo moja: lalamiko lako linabaki kwenye maandishi nje ya daftari la ofisi unayoilalamikia. Lakini hauchukui nafasi ya mkutano. Mimi peke yangu ni mlalamikaji mmoja. Mkutano ni mtaa mzima ulioazimia.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ukafanyika Novemba 27, 2024, tukapata mwenyekiti mpya. Hatukumngoja atukumbuke. Wazee wawili wa mtaa, mwalimu mstaafu na mimi tuliandika barua kuomba kalavati liwe ajenda yake yenyewe, si mengineyo, tukaipeleka ofisini na kugongewa mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. Januari mkutano ukaitishwa. Watu walijaa. Mwalimu alimwomba mtendaji asome azimio kwa sauti kabla hatujatawanyika, na alipolisoma tukalirekebisha palepale: mahali litaje, upana wa njia litaje, gari la vyoo na wanafunzi wanaovuka kwenye mbao waandikwe, mwenyekiti alipeleke kwenye kikao cha kata kinachofuata. Orodha ya mahudhurio yenye saini ikaambatanishwa. Tukapiga picha kila ukurasa.

Hapo ndipo nilipoona mtaa una nguvu gani. Hauna greda wala saruji, lakini una azimio, na azimio lililoandikwa sawasawa linapita mlango ambao mimi na genge langu hatupiti. Lilifika kata, likaingia kwenye mipango, na mwaka mpya wa fedha ulipoanza kazi ikapata nafasi. Septemba 2025 mabomba ya zege yalishushwa, yakafukiwa, kingo zikajengwa kwa mawe. Bajaji inaingia hadi mlangoni kwangu. Wala hatukupewa hisani: tangu bajeti ya 2021/22 kila lita ya petroli na dizeli inakatwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara hizi za TARURA, na mwenye bajaji anairudisha kwenye nauli yangu.

Upande wa ujenzi habari si nzuri hivyo. Chini ya kalavati kuna nyumba ambayo ukuta wake umekaa juu ya njia ya maji. Mwenyewe anasema uongozi uliopita ulimruhusu. Kwa mdomo. Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kutoa kibali cha ujenzi. Kibali kinatolewa na halmashauri, ambayo ndiyo mamlaka ya mipango chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Afisa mipango miji alikuja, akatazama, na ukuta sasa una X nyekundu, alama ya kubomolewa. Namhurumia sana yule baba. Aliuziwa kiwanja ndani ya mkondo, na siku ya mauziano palikuwa na mashahidi na mhuri. Aliyemuuzia kaondoka na fedha, waliogonga mhuri wako nje ya uongozi, na yeye ndiye anayelala chini ya X. Kama usimamizi una maana yoyote, uwepo siku ya kuuza. Mtu anayenunua kiwanja leo aende kwanza halmashauri kuuliza mchoro wa eneo unasemaje, kisha ndiyo aje mtaani kutafuta mashahidi.

Sasa ule mhuri. Barua ya utambulisho mtaani kwetu ilikuwa inatolewa siku hiyohiyo, lakini kwa "hela ya karatasi", elfu tano, bila risiti. Malipo ya serikali siku hizi yana namba ya kumbukumbu ya malipo na yana risiti. Fedha inayotiwa droo haina hata kimoja. Kwa mtu wa mshahara elfu tano si kitu. Kwa binti anayetafuta barua ya kuombea kazi ya ndani ni chakula cha siku mbili. Tangu Januari desturi hiyo imekoma, na mtendaji ni yuleyule, kwa hiyo iliwezekana siku zote.

Nikiulizwa alama, natoa nyota tatu kati ya tano. Moja ni ya mtendaji aliyenifungulia daftari. Ya pili ni ya mwenyekiti aliyekubali kusomewa azimio mbele ya watu na kusahihishwa. Ya tatu ni ya kalavati lenyewe. Ya nne naishikilia kwa sababu ya ukuta na X yake, maana masika yanakuja na mkondo haujafunguliwa. Ya tano ni kwa sababu ya mapato na matumizi. Kila nyumba inalipa ada ya taka kila mwezi, na hatujawahi kusomewa mkutanoni zimekusanywa kiasi gani, mzoa taka amelipwa kiasi gani, kilichobaki kiko wapi. Ubao wa matangazo nje ya ofisi una tangazo la chanjo na karatasi ya mtu aliyepotelewa na cheti. Barua ya kuomba ada ya taka iwe ajenda ya mkutano ujao tumeshaipeleka, na nakala yetu imegongwa mhuri wa kupokelewa.