Baa ya kalingi pale Rau, Moshi: choma iko poa ila ukuta unakumwagia matokeo

Nianze na lile ambalo wengi mnataka kulijua kwanza, mbuzi choma ya pale iko vizuri, sio ile ya kutafuna hadi taya ziume, na ndizi wanazichoma zikiwa hazijaiva kabisa ndo zinakuwa tamu. Kilo ni 20,000, ukichukua nusu hawakununii. Haya hilo tumemaliza, sasa nije kwenye kinachofanya baa hii iwe tofauti na baa zingine zote za hapa Moshi, yaani kila Alhamisi usiku wanaonyesha kalingi. Ndio, kalingi, ule mchezo wa kusukuma jiwe kwenye barafu huku wenzako wanafagia mbele yake. Na sio ile ya olimpiki ambayo tunaionaga kwa bahati mbaya kila baada ya miaka 4, hapana, hizi ni fainali za zamani za ubingwa wa taifa wa wanaume wa Kanada, wenyewe wanauita Brier, mwenye baa anazishusha yutyubu anaweka kwenye flashi kabisa ili bando lisije likamuaibisha katikati ya mechi.

Iko maeneo ya Rau, jina silitaji msije mkasema nimelipwa, ila mwambie bodaboda akupeleke kwa mzee wa mawe atakufikisha bila kuuliza mara mbili. Huyo mzee ndo mwenye baa, aliishi Winnipeg, mji wa jimbo la Manitoba kule Kanada, miaka mingi akarudi nyumbani na ugonjwa huu, na kama ni mgeni lazima aje mezani kwako akueleze mchezo kabla hata bia haijafunguliwa. Mimi nilidhani ntachoka ila anaeleza vizuri bana. Jiwe ni la graniti, uzito karibu kilo 20, graniti yenyewe nyingi inatoka kisiwa kimoja kidogo cha Uskoti kinaitwa Ailsa Craig. Uwanja ni kichochoro cha barafu kama mita 45 hivi, mwisho wake kuna duara. Timu ina watu 4, kila timu inatupa mawe 8 kwa raundi, fainali ni raundi 10, na kwenye raundi wanaopata pointi ni timu moja tu, ile yenye jiwe lililo karibu zaidi na katikati ya duara. Anayetupa jiwe la mwisho ana faida kubwa, ndo mana utaona timu ingine inakubali kabisa raundi iishe sifuri kwa sifuri ili ibaki na jiwe la mwisho raundi inayofuata. Ni drafti la kijiweni tupu, mtu anafikiria hatua 4 mbele huku wapambe wanampigia kelele.

Siku moja dada wa jikoni alikuja kuleta kachumbari akasimama mbele ya skrini kashika sahani akauliza, "Sasa baba, hawa wanaume wazima wanafagia nini na barafu lenyewe safi hivyo?" Mzee akafurahi kama kaulizwa habari za mjukuu. Akamwambia wakifagia kwa nguvu barafu la juu linapata joto kidogo, msuguano unapungua, jiwe linaenda mbali zaidi na halipindi sana. Dada akasema "aah, kumbe ni kazi" akarudi jikoni, na tangu hapo kila fagio zikianza kwenda mbio yeye ndo anaongoza kupiga kelele kutokea dirishani.

Sasa ukuta. Huu ndo utajiri wa pale na ndo tatizo la pale. Mzee alimlipa fundi wa mabango, wale wale wanaoandika majina ya maduka, aandike mabingwa wote kuanzia 1927 hadi 2025, mwaka, nahodha, jimbo, rangi nyeupe juu ya kijani. Fundi alianza na herufi kubwa kubwa za madaha, 1927 Murray Macneill wa Nova Scotia anaonekana mpaka ukiwa barabarani, ile ilichezwa Toronto. Alafu kadri anavyoshuka ukuta unaisha, herufi zinabanana, miaka ya 2000 imezunguka swichi ya taa, na Brad Jacobs wa 2025 kaandikwa chini kabisa karibu na sakafu nyuma ya makreti ya soda, ukitaka kumsoma uiname. Bingwa wa taifa zima bana. Jacobs mwenyewe yupo mara 2, 2013 akiwa na Northern Ontario na 2025 akiwa na Alberta, na katikati hapo, 2014, ana dhahabu ya olimpiki ya Sochi.

Kuna mistari mitatu haina jina, 1943, 1944 na 1945, kila mgeni anauliza na mzee anasubiri uulize. Ni Vita Kuu ya Pili, mashindano yalisimama. Alafu Manitoba wote wameandikwa kwa rangi nyekundu, mana yeye ni mtu wa Winnipeg, na hiyo nyekundu alilipia peke yake. Hadi 2025 Manitoba walikuwa na makombe 27, walichukua mfululizo kuanzia 1928 hadi 1932, kule juu ukutani ni kama damu imemwagika. Ukishuka chini nyekundu inapungua, inapungua, ya mwisho ni Jeff Stoughton 2011. Baada ya hapo hadi 2025 hamna. Nahodha wao Matt Dunstone kawafikisha fainali 2023 wakafungwa na Brad Gushue wa Newfoundland 7-5, kawafikisha tena 2025 wakafungwa na Jacobs 5-3, na fainali hizo mbili mzee hajawahi kuziweka, ukimuuliza anasema flashi imejaa. Alberta wameshawapita kwa makombe. Usilitaje hilo kabla hujaletewa nyama.

Kitu kilichonivutia zaidi kwenye ukuta ni safu ya pembeni ambayo kaandika wadhamini. Brier ilianzishwa na kampuni ya tumbaku ya Macdonald, na jina lenyewe lilitokana na tumbaku yao. Wakakaa nayo hadi 1979, 1980 ikaingia bia ya Labatt hadi 2000, ikafuata simu za Nokia, 2005 wakaja Tim Hortons wa kahawa na donati, na tangu 2024 mdhamini ni Montana's, mgahawa wa nyama choma. Tumbaku, bia, simu, kahawa, choma. Sasa niambie hapo huo mchezo si ulikuwa unakuja Moshi wenyewe taratibu.

Tatizo ni hili. Ukuta uko pembeni tu ya skrini. Unakaa, umeagiza, umeshaanza kumshabikia mtu, raundi ya 7 mko 4-4 roho juu, unageuza shingo kidogo kumuita mhudumu na macho yanatua palepale kwenye mwaka husika, jina la bingwa hilo hapo. Kwisha habari. Ntawapa mfano wa 2018 hadi 2020, Brendan Bottcher wa Alberta kafika fainali 3 mfululizo na zote kapoteza, kwa Gushue, kwa Kevin Koe, alafu kwa Gushue tena. 2021 wakacheza Calgary bila watazamaji kwa sababu ya korona, kafika ya 4. Hii ni fainali ambayo ungetakiwa kuiangalia ukiwa hujui kitu, ukae na hofu ya yule kijana hadi jiwe la mwisho. Mimi nilijua tangu dakika ya kwanza kuwa anashinda 4-2 kwa sababu jina lake liko pale juu ya soketi ya projekta. Nilimwambia mzee aweke hata shuka, akanijibu, "Kijana, mechi ya 2021 unataka suspensi ya nini?" Sio jibu la mtu wa biashara hilo.

Ila niwe mkweli kuna mechi ambazo ukuta haukuibii kitu. Fainali ya 1985 pale Moncton, picha yake imechakaa, rangi zimefifia, jiwe ukilitafuta vizuri unaliona. Pat Ryan wa Alberta hajafungwa mashindano mazima, anaongoza 5-3 raundi ya mwisho, Al Hackner wa Northern Ontario kabakiza jiwe moja na anatakiwa ayatoe mawe mawili kwa mpigo kwa kuligusa la kwanza pembeni kabisa, sehemu nyembamba kama ukucha. Akayatoa. Ikawa 5-5, raundi ya nyongeza Ryan jiwe lake likapitiliza, Hackner bingwa 6-5. Baa nzima ilijua matokeo na bado watu walisimama. Mzee alirudisha lile jiwe nyuma hadi mtu wa meza ya pembeni akalalamika anataka taarifa ya habari.

Na 2017. Hii ikiwekwa nenda, hata kama mvua inanyesha. Newfoundland walikuwa hawajachukua tangu Jack MacDuff 1976, miaka 41, na Brad Gushue ambaye tayari alikuwa na dhahabu ya olimpiki ya Turin 2006 alikuwa hajawahi kuipata hii ya nyumbani, alishafungwa fainali ya 2007 na Glenn Howard. Fainali ikachezwa St. John's, kwao kabisa. 6-6 dhidi ya Koe, jiwe la mwisho ni lake, halihitaji kupiga chochote, linatakiwa tu lifike ndani ya duara. Analiachia, na unaona kwenye sura yake kuwa kalirusha kwa udhaifu. Wale wawili wa fagio wakaanza kufagia kama wanafukuza shetani, ule ukumbi kelele, jiwe linakufa linakufa, likaingia. 7-6. Mtu akishaonja mara moja inakuwaje, akachukua 2018, 2020, 2022, 2023, 2024, jumla 6 kama nahodha. Ile ya 2022 walicheza fainali watu 3 badala ya 4 mana Mark Nichols alikuwa na korona, wakashinda 9-8 raundi ya nyongeza. Randy Ferbey naye ana 6 ila mbili, 1988 na 1989, alikuwa chini ya huyo huyo Pat Ryan, na kwenye 4 za kwake mwenyewe yeye alikuwa nahodha lakini mawe ya mwisho anatupa David Nedohin. Mezani kwetu ubishi wa nani mkubwa haujaisha na sidhani kama utaisha.

Fainali za kukwepa ni nyingi za miaka ya 80, ukitoa hiyo ya 1985. Zamani ilikuwa ruhusa kulitoa jiwe lolote la mpinzani, kwa hiyo unaweka nakutoa, unaweka nakutoa, wenye kuongoza wanalala mbele. Hadi walipoleta sheria ya kuyalinda mawe ya mbele miaka ya 90 ndo mchezo ukachangamka. Mkikuta zimewekwa hizo ni muda mzuri wa kuongea biashara zenu.

Huduma sasa. Mhudumu wa kike ana kumbukumbu nzuri, oda haichanganyi hata meza zikijaa. Yule kijana wa kiume sijui, bili yake iangalieni, kwangu kuna maji makubwa yaliingia ambayo hayakuwahi kufika mezani, nilipouliza akayatoa bila ubishi lakini angetakiwa asiyaweke. Choma inachukua lisaa hadi lisaa na nusu, na hapa ndo kalingi inawabeba, fainali moja inafika masaa matatu na ni mchezo wa taratibu, unakula huku unaangalia na hukosi kitu, mpira ukiinama kuchovya pilipili goli limeshaingia. Umeme ukikatika jenereta inawaka haraka ila projekta inachukua muda kurudi na kila ikirudi inaanza na picha imepinduka. Choo kisafi, sabuni ipo, taa ya mlangoni imekufa. Paking ni ya magari machache, mengine yanabanana barabarani. Bia bei ya kawaida ya mtaani, mbege hawana, nilishangaa.

Mzee naye apunguze kitu kimoja, asiongee wakati jiwe la mwisho linatembea. Tumeshamwambia. Anasema ndo utangazaji.

Kwa nyama nawapa 4 kati ya 5, kwa mpangilio wa ukumbi 2. Mkija na watoto mje mapema, kuanzia saa 3 usiku moshi wa sigara unakuwa mwingi upande wa kaunta. Kama unataka kuangalia mechi bila kujua mshindi, meza ni zile mbili za upande wa jiko, pale unaupa ukuta mgongo na nyama inakufikia ya moto, ila wahi kabla ya saa 1 na nusu mana wazoefu wameshazijua na hawatoki hadi kombe lipokelewe.