Jaketi jipya la ngozi kwenye joto la Dar: uzoefu wangu wa kulilainisha

Jaketi langu la pikipiki nililinunua jipya Kariakoo, pamoja na glavu, kwa kama laki saba. Leo ndilo vazi ninaloliamini kuliko yote kabatini, lakini wiki za mwanzo lilikuwa gumu kama ubao. Mikono haikunji, kola inakwaruza shingo, mabega yamesimama. Naandika kwa sababu ushauri unaozunguka mjini kuhusu kulainisha ngozi unanitia wasiwasi: paka mafuta ya kula, loweka kwenye beseni, kisha anika juani. Watu wanatoa hela nyingi kununua kinga halafu wanaiua wenyewe kabla haijapanda hata pikipiki.

Kwanza jaketi lenyewe. Limeshonwa Sialkot, Pakistan, mji unaosafirisha vifaa vya ngozi duniani kote. Ni ngozi ya ng'ombe, lebo inasema milimita 1.2, na kuna pedi mabegani na viwikoni zenye alama ya EN 1621-1, kipimo cha Ulaya cha pedi za kukinga viungo. Ndani kuna lebo ya daraja AA kwa kipimo cha Ulaya cha mavazi ya pikipiki, EN 17092, ambacho juu kabisa kina AAA, kisha AA, kisha A. Majaketi ya kupendezea yanayopatikana mitumbani mara nyingi ngozi yake haifiki hata milimita moja, ndiyo maana yanakuwa laini tangu siku ya kwanza. Ugumu wa jaketi la kweli ni unene ule ule utakaosuguana na lami badala ya nyama yako. Kwa hiyo ukilijaribu dukani ukaona linakataa kukunjika, usiliweke chini kwa sababu hiyo.

Cha kuangalia dukani ni saizi. Muuzaji alinisukumia kubwa: "Chukua hii kaka, Dar joto, utapumua." Nikamwomba nikalie pikipiki iliyokuwa nje ya duka, nikashika usukani. Hapo ndipo jaketi linasema ukweli. Ukisimama wima, jaketi la pikipiki linakuwa fupi mgongoni, mikono mirefu, kifua kinabana. Ukiinama mbele, mikono inarudi mpaka kwenye kifundo, mgongo unafunika kiuno, na pedi ya kiwiko inakaa juu ya kiwiko chenyewe. Ile saizi kubwa ilipendeza nikiwa nimesimama, lakini nilipokalia pikipiki niliweza kuizungusha pedi kwa vidole viwili mpaka ikahamia pembeni ya mkono. Pedi inayohama ukiwa umekaa tu, ukianguka itakwenda wapi? Nikachukua ndogo, ile inayobana. Ngozi hutanuka kidogo upande wa upana, kifuani na mabegani, kadiri inavyovaliwa. Urefu haiongezi, kwa hiyo mkono ukiwa mfupi dukani, utabaki mfupi.

Kulilainisha nilianzia nyumbani. Jioni, feni ikizunguka, nilikuwa nalivaa wakati wa mechi nikiwa nimekalia kiti kinyumenyume, mikono imenyooshwa juu ya mgongo wa kiti kama nimeshika usukani. Zipu juu mpaka mwisho, pedi zote ndani. Usizitoe pedi ili upate nafuu, kwa sababu ngozi inatakiwa ijifunze umbo lako pamoja nazo. Joto la mwili na unyevunyevu wa jasho ndivyo vinavyolegeza nyuzi za ngozi, na mkunjo unaojitengeneza ukiwa kwenye mkao wa kuendesha ndio utakaobaki. Kwa hili sisi wa Dar tuna bahati. Mwenzetu wa nchi ya baridi analisubiri jaketi miezi, hapa joto linafanya nusu ya kazi.

Baada ya hapo nikaanza kutoka nalo alfajiri, Mwenge kuelekea Bagamoyo, kabla jua halijakaza. Sikuanza na foleni ya Ubungo na sikushauri. Jaketi jipya, pikipiki imesimama, upepo hakuna, unachemka, na mtu anayechemka hafikirii vizuri barabarani. Jaketi langu lina vitundu vidogo kifuani, na kuanzia mwendo wa kilometa arobaini kwa saa hewa inapita vizuri. Pikipiki ikisimama, vitundu havina msaada wowote.

Mikunjo ya kwanza ilitokea ndani ya kiwiko, mistari myembamba inayokwenda upande, na hapo ndipo ngozi ilianza kukauka na kupauka kidogo. Nikampelekea mzee mmoja fundi viatu Kariakoo, mtu aliyeshona ngozi umri wake wote. Nilimwamkia, nikampa, hakuniuliza kitu. Alishika pindo la chini akalikunja juu ya kidole cha shahada, akatazama ngozi inavyojikunyata, akaliachia, akatazama tena linavyorudi. Kisha akachovya kidole kwenye maji, akadondosha tone moja juu ya mkono wa jaketi na kusubiri. Tone likakaa juu, halikuzama. "Mwanangu, hii ina mafuta yake ya kiwandani, na juu wameipiga rangi ya kuifunga. Usiinyweshe. Ipake pale inapokunjika tu."

Maneno yale yamenisaidia kuliko chochote nilichosoma. Viwandani ngozi ikishatengenezwa huingizwa mafuta kabla ya kukaushwa, kwa hiyo jaketi jipya halina njaa ya mafuta. Ninachotumia ni losheni ya ngozi yenye nta ya nyuki na lanolini, yale mafuta ya sufu ya kondoo. Kiasi cha punje ya harage kwenye kitambaa laini, nasugua kiwikoni, begani kwa nyuma na kwenye kola, naliacha usiku kucha, asubuhi nafuta kilichobaki juu. Ndani ya kola ndipo nilipoona tofauti ya haraka zaidi. Shingo iliacha kuwaka.

Mafuta ya kula yanachacha. Yakishachacha jaketi linanuka na ukungu unapata chakula. Mafuta ya mgando yanakaa juu yakikusanya vumbi. Hata mafuta mazuri ya ngozi yakizidi, ngozi inalegea kupita kiasi, matundu ya sindano yanatanuka na mishono inapoteza mshiko. Mshono ndio wa kwanza kuachia mtu akiburuzwa, kwa hiyo jaketi lililolainishwa mpaka likawa kama shati limepunguzwa kinga, hata kama linavutia machoni.

Glavu zilikuwa na shida yake. Ni ngozi ya mbuzi, nyembamba na nyororo kuliko ya ng'ombe, lakini mishono ya vidole ilikuwa inauma pale klachi inapokaa. Nilizivaa nyumbani nikiwa nafinyafinya mpira wa tenisi, na ilitosha. Rangi nyeusi ya ndani ilinitoka mikononi kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka, na hilo nalikatia alama. Ukinunua, hakikisha ncha za vidole zinagusa mwisho wa glavu bila kubanwa. Nafasi ikibaki pale, ngozi inakunjana kwenye breki.

Mabuti nilikuwa nayo ya zamani, sina mengi ya kusema, ila hili moja: buti jipya ni nene mbele kuliko raba, kwa hiyo mguu hauingii chini ya pedali ya gia. Wengi wanalilaumu buti. Mwombe fundi apandishe pedali kidogo, ni kazi ya dakika chache.

Kisha mvua. Masika yalinikamata Kibaha na jaketi likalowa mpaka bitana. Nililitundika sebuleni kwenye hanga pana, mbali na dirisha lenye jua, feni ikipuliza kwa mbali, zipu wazi. Lilipokaribia kukauka, likiwa bado na ubaridi wa unyevu, nilipaka losheni nyembamba nikalivaa kidogo likiwa hivyo. Lilikauka likiwa na umbo langu, na nadhani siku ile lililainika zaidi kuliko wiki nzima ya kuvaa. Rafiki yangu alilowa siku hiyohiyo, akaanika lake juu ya bati saa saba mchana. Mikono ilijikunyata, ikawa mifupi na migumu, na hakuna losheni iliyoirudisha.

Hewa ya huku ni nzito na ina chumvi, kwa hiyo silifungii jaketi kwenye mfuko wa nailoni wala kwenye kabati lisilofunguliwa. Nikiona vumbi jeupe la ukungu nafuta kwa kitambaa chenye unyevu, naliacha kivulini lipate hewa. Zipu ilikuwa ngumu mwanzoni, nikaisugua meno kwa mshumaa ikaanza kuteleza.

Kwa ujumla nalipa jaketi nne kati ya tano. Nimekata moja kwa bitana, ambayo ni kitambaa cha plastiki kinachonata mgongoni ukitoa jasho. Navaa fulana nyepesi ya mikono mirefu chini yake na tatizo linapungua. Suruali ya kuendana nalo nimeshaiagiza kwa muuzaji yuleyule, yenye vitundu mapajani, na nimemwambia mapema kwamba nitakuja na pikipiki yangu ya kukalia kabla sijalipa.