Kusafisha damu figo zikishindwa: kituoni au nyumbani kwa Mlatino wa Marekani?

Kituoni ratiba haibembelezi: mara 3 kwa wiki, kwa muda wa saa 4 hivi kila mara, sindano mbili mkononi. Mpishi wa hotelini asiye na likizo ya ugonjwa hupoteza zamu, na jioni anarudi amechoka kama aliyebeba magunia. Faida yake ni kwamba muuguzi yupo pembeni. Shinikizo la damu likishuka ghafla, mgonjwa anakimbiliwa.

Nyumbani, njia ya kawaida ni ya tumboni. Mrija mdogo huingiza maji ya dawa, yanakaa saa kadhaa yakivuta uchafu, kisha yanatolewa. Ni mara 4 hivi kwa siku, au mashine inafanya kazi hiyo usiku kucha mgonjwa akiwa amelala. Asubuhi anakwenda kazini. Ila usafi hauna mzaha: mikono ioshwe, barakoa ivaliwe, dirisha lifungwe, la sivyo maambukizi ya tumbo. Na maboksi ya maji hayo ya mwezi mzima utayapanga wapi, kwenye chumba cha kupanga cha watu watano?

Kwa mwenye kazi, mimi ningechagua nyumbani. Lakini Walatino wanaoitumia njia hiyo ni wachache kuliko Wazungu, na si kwa kupenda. Wengi hawaambiwi kuwa ipo, au mafunzo hutolewa kwa Kiingereza tu. Asiye na vibali vya kuishi nchini hapati Medicare, bima ya afya ya serikali. Katika baadhi ya majimbo husubiri azidiwe ndipo apokewe chumba cha dharura. Jimbo la Colorado liliondoa utaratibu huo mwaka 2019.