Pedali za kunasa au za mikanda kwa mbio za uwanjani?

Baiskeli ya uwanjani haina breki, na gurudumu la nyuma likizunguka pedali nazo lazima zizunguke. Mguu ukichomoka kwenye kasi, pedali haikusubiri; inakuchapa muundi.

Kwa kushika mguu, mikanda iliyokazwa vizuri ni imara mno, na waendeshaji wa keirin (mbio fupi za baiskeli za uwanjani) Japani wanaitumia hadi leo. Tabu ni kutoka: uiname uilegeze kwa mkono. Pedali za kunasa, ambazo kampuni ya Look iliziingiza sokoni mwaka 1984, unaingia kwa kukanyaga na kutoka kwa kupindisha kisigino nje. Ila mwenye nguvu akiondoka kutoka kusimama mguu wake unaweza kuchomoka, ndiyo maana wengi wa mbio fupi huzifungia mkanda juu yake.

Bei? Mikanda ni nafuu. Matunzo ni kukagua nyufa karibu na bizimu. Kwa za kunasa, angalia kipande cha plastiki chini ya soli ya kiatu, kile kinachonasa kwenye pedali: saruji hukila haraka, na ukingo ukishalika, kibadilishe kabla ya mashindano.

Anayeanza, au wa mbio ndefu za kundi, za kunasa zenye springi iliyokazwa zinamtosha. Wa mbio fupi, nunua za kunasa pamoja na mikanda.