Superman: steringi kachapwa, Gathegi kateka ukumbi

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tunaijua kanuni: steringi hafi, na akipigwa, anapigwa kidogo tu ili apandishe hasira. Katika Superman, filamu yake ya 2025, mwongozaji James Gunn anaivunja kanuni hiyo kabla hujamaliza kukaa vizuri kwenye kiti. Maandishi kwenye skrini yanakwambia kuwa dakika tatu zilizopita Superman ameshindwa pambano kwa mara ya kwanza. Hapo hapo anaporomoka kutoka angani, anajibamiza kwenye barafu, damu inamtoka, hata kuinuka hawezi. Anapiga mluzi. Mbwa wake Krypto anakuja mbio, na badala ya kumwokoa anamrukia na kumchezea juu ya mbavu zilezile zilizovunjika. Watu ukumbini Mlimani City walicheka hadi wakapiga makofi. Mimi nilicheka pia, lakini zaidi nilifurahi, kwa sababu nilishaona kuwa aliyeitengeneza hii sinema anampenda Superman kwa dhati.

Nitagusa baadhi ya matukio, ila siri ya yule adui aliyefunika uso siitoboi.

Superman wa 2013, yule wa Henry Cavill, alinichosha. Giza tupu, majengo yanaanguka na huambiwi waliokuwa ndani wamepatwa na nini. Huyu wa David Corenswet anapigana na dubwana refu kama ghorofa katikati ya mji, na bado anapata nafasi ya kumtoa kindi mmoja njiani asikanyagwe. Hata lile dubwana lenyewe hataki liuawe kama kuna njia nyingine. Nimesikia watu wakisema huo ni utoto. Nawabishia. Mtu mwenye nguvu kiasi kile ambaye bado anaona aibu kumwacha kindi afe ndiye Superman niliyekuwa namsubiri, na filamu nzima imesimama juu ya hilo.

Tukio lililonikamata zaidi halina ngumi hata moja. Lois Lane, mwandishi wa habari aliyechezwa na Rachel Brosnahan, yuko nyumbani kwake na mpenzi wake Clark, yaani Superman akiwa amevaa kiraia. Wanapika, wanataniana, kisha Clark anakubali ahojiwe kama Superman. Ameingilia vita na kuizuia nchi ya kubuni ya Boravia isiivamie jirani yake Jarhanpur, na Lois hamwonei huruma: Nani alikutuma? Uliongea na nani kwanza? Unajua matokeo yake? Clark anaanza kwa tabasamu, anakasirika polepole, mwisho anapaza sauti kwamba watu walikuwa wanakwenda kufa. Wote wawili wana hoja. Sijawahi kuona filamu ya aina hii ikiacha wapenzi wawili wabishane muda mrefu namna ile bila kulipua kitu. Kiingereza chao ni cha kasi, na siku niliyokwenda hakukuwa na tafsiri chini ya picha, kwa hiyo hapo tega masikio.

Sasa Edi Gathegi. Amezaliwa Nairobi, akakulia Marekani, na humu anacheza Mister Terrific, mtaalamu mwenye vitufe vyake vinavyoelea na kufanya kila anachotaka. Mwaka 2011 alikuwa Darwin katika X-Men: First Class, kijana ambaye mwili wake unajibadilisha ili aishi katika hatari yoyote. Wakamuua mapema! Mtu mwenye kipaji cha kutokufa, mweusi, ndiye akawa wa kwanza kufa kati ya wale vijana. Iliniuma, na nimelikumbuka hilo kila nilipomwona. Safari hii hachekeshi kwa lafudhi, hamfuati mtu nyuma kubeba mizigo, na hafi. Amekunja uso, hana muda wa maneno mengi, na kila anayemzunguka anajua kuwa yeye ndiye mwenye akili kuliko wote pale. Anapomfungia Lois ndani ya kiputo cha kumlinda na kuanza kuwasambaratisha walinzi wa kambi ya Lex Luthor, tajiri anayemchukia Superman, huku muziki mwepesi ukipigwa, ukumbi ulilipuka. Kijana aliyekuwa mstari wa mbele yangu alisimama kabisa. Kwangu hilo ndilo pambano bora la filamu.

Nicholas Hoult kama Luthor ni mbaya kweli. Anamwendesha mpiganaji wake, yule aliyefunika uso, kwa kutaja namba na herufi za mapigo, anafoka mbele ya skrini zake kama kocha pembeni ya uwanja siku ya dabi ya Kariakoo, na wivu unamtoka usoni. Sehemu ya gereza lake lililo katika ulimwengu mdogo wa pembeni aliouunda mwenyewe ndiyo iliyonipotezea hamu. Rangi zimevurugana, vitu vinaruka huku na kule, na hadithi inasimama kusubiri vurugu ziishe.

Lakini malalamiko yangu makubwa ni Jarhanpur. Ndiyo nchi iliyosababisha ugomvi wote, na watu wake wanasimama jangwani wakikabiliwa na vifaru huku mtoto akiinua bendera yenye nembo ya Superman. Picha inagusa. Ila hakuna hata mmoja wao tuliyempata jina, hatujui anafanya kazi gani, hatujaingia nyumbani kwake. Gunn anaweza hilo, maana kwa Malik, muuza falafeli wa Metropolis, mji anaoishi Superman, dakika chache tu zilitosha kutufanya tumjali. Filamu inayomhesabu hadi kindi ilipaswa kutupa mtu mmoja wa Jarhanpur wa kumkumbuka. Ukitazama ukiwa Dar, ukiwa wa upande wa dunia ambao kila siku unasubiri kuokolewa kwenye sinema za wengine, unaliona pengo hilo haraka.

Wazazi, huyo Malik ndiye sababu ya kufikiri kabla ya kupeleka watoto wadogo. Luthor anamuua mbele ya Superman, kwa bastola, makusudi. Mpwa wangu wa miaka tisa aliniuliza kwa sauti, "Mjomba, kafa kweli?" na hakurudi kwenye bisi zake kwa muda mrefu. Kuanzia miaka kumi na miwili hivi sioni shida.

Kama ukumbi wako una chaguo la 2D, chukua hiyo. Miwani ya 3D inazifisha rangi, na rangi za hii filamu ndizo nusu ya raha yake. Saa mbili na dakika tisa zinakwenda haraka. Majina yakianza kupanda msinyanyuke: kuna kipande kifupi katikati na kingine mwisho kabisa, na hicho cha mwisho ni Superman na Mister Terrific wakibishana.