Uzoefu wangu na presha kuka: muhogo unalainika vizuri mno, ila sukari haiji yenyewe

Habari wadau. Mi niko Kigoma, nauza togwa na uji maeneo ya Mwanga, na hii presha kuka ya lita 7 ya kuweka jikoni (sio ya umeme) naitumia karibu kila siku kwa muhogo, kwahiyo naongelea kitu ninachokijua. Nimeona niandike kwasababu wauzaji wengi siku hizi wanainadi kwa maneno kwamba mvuke wa presha unageuza wanga kuwa sukari, eti ukipika muhogo humo unatoka mtamu hauhitaji kuongeza kitu. Hapana jamani.

Kwanza sifa zake maana inastahili kusifiwa. Hapa kwetu ziwani tuko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari kwahiyo maji kwenye sufuria ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, hata uchochee mkaa vipi hayapandi. Ndani ya presha yanafika karibu 120, na muhogo ambao ulikua unakula mkaa wa kutosha unaiva dakika 20 tu baada ya kuanza kupiga filimbi, unalainika mpaka ndani, ukiuponda haubaki hata bonge. Kwa gharama ya mkaa ilivyo sasa hivi hilo peke yake limenirudishia hela.

Sasa kwenye sukari. Wanga ni sukari nyingi zilizoungana mnyororo mrefu, na maji ya moto kweli yanaweza kuukata, hilo sio uongo, ila sio kwa moto huu wetu. Wanaofanya hiyo kazi kwenye mitambo kwa maji matupu, bila kimea (nafaka iliyooteshwa ikakaushwa) wala tindikali, wanapandisha mpaka nyuzi 180 na hata 220, na ili maji yasigeuke mvuke kwenye joto hilo lazima yabanwe kwa presha ya mara 10 mpaka zaidi ya mara 20 ya hewa ya kawaida. Hapo maji yenyewe yanaanza kufanya kazi kama tindikali, yanakata mnyororo. Presha kuka ya nyumbani inafika mara mbili tu!! Na hata kule kwenye mitambo ni kazi ya kuvizia, ukichelewesha kidogo ile sukari nayo inaungua inageuka vitu vingine na ladha inakua chungu. Kwahiyo mtu akikuambia uongeze uzito juu ya kile kidude cha filimbi ili presha ipande, usimsikilize kabisa, hii ni bati ya alumini, mitambo ile ni chuma kinene.

Mi nilijipimia mwenyewe kwa ayodini ya duka la dawa, ile ile tuliyotumia shuleni. Muhogo umetoka kwenye presha, umepondeka kama krimu, chukua kidogo weka kwenye kisahani, kipoe, dondoshea tone: bluu nyeusi tii. Maana yake wanga bado upo pale pale, umelainika tu.

Kinachogeuza ni kimea, kile kile cha ulezi bibi zetu wanachotilia togwa, na hapa ndo presha kuka inakua ya maana kweli kwasababu kimea kinapenda wanga ulioiva sawasawa. Nachofanya ni hivi, kilo mbili za muhogo mtamu (mchungu usiweke kabisa, una sumu) namenya natoa ule uzi wa katikati nakatakata naloweka kwanza, napika na maji, mzigo na maji yake visizidi nusu ya sufuria maana wanga unatoa povu na povu linaziba tundu la mvuke, hilo ni la hatari. Presha ikishuka yenyewe nafungua, naponda, naongeza maji kidogo naacha upoe mpaka 65 hivi, nina kipimajoto cha jikoni na nakushauri ununue, ukitia kimea kwenye uji unaochemka umekiua. Halafu kikombe kimoja cha kimea kilichosagwa, koroga, funga na blanketi. Aisee ule uji mzito unaanza kuwa maji maji ndani ya dakika chache, unaona kabisa kwa mwiko! Baada ya masaa kadhaa narudia ayodini, ikibaki na rangi yake ya kahawia bila kuwa bluu najua tayari, nachuja kwa kitambaa nachemsha kwa moto mdogo mpaka inakua nzito kama asali. Utamu wake ni wa taratibu sio mkali kama wa sukari ya dukani, wateja wangu wa uji wanaupenda sana. Kimea chako kiwe kimekaushwa juani, cha kukaushwa motoni kinapoteza nguvu.

Ila kwa viazi vitamu mi presha siitumii, na hapa natofautiana na wengi. Kiazi kina kimeng'enya chake cha kugeuza wanga, kinafanya kazi wakati kiazi kinapanda joto pole pole, ndo maana cha kufukia kwenye majivu ni kitamu hivyo. Kwenye presha joto linaruka haraka kile kimeng'enya kinakufa kabla hakijamaliza kazi, kiazi kinaiva kweli ila utamu unapungua. Wenzetu wa Tabora mnaotengeneza matobolwa (viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha) jaribuni vyote viwili muonje.

Udhaifu wa hii sufuria ni raba ya mfuniko, inakakamaa ikitumika sana na mvuke unaanza kutoka pembeni, na ikifika hapo joto halifiki tena 120. Raba za kipimo chake hapa mjini zinapatikana kwa kubahatisha, ukikuta mbili chukua zote.